Masizi Nyuma ya Goti

Nafula aliujua mguu wa mumewe kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Usicheke. Uso wake alikuwa akiuona kwa nadra, kwenye kipande cha kioo kilichochomekwa dirishani, lakini mguu wa Wanzala aliukanda kila jioni ya Mungu, tangu hospitali ilipomfungua plasta na kumrudisha nyumbani na magongo mawili na goti lililogoma kukunja.

Huyo Wanzala alikuwa mkata miwa, na si mkata miwa wa kubahatisha. Alikuwa shoto, panga mkono wa kushoto, na katika shamba lenye wakataji kumi ungeijua kazi yake bila kuuliza, maana mafungu yake yalilala upande wa pili, vichwa vikitazama kule ambako mikia ya wenzake ilitazama. Siku moja mzigo uliporomoka kutoka kwenye trela ukamlalia mguu wa kulia. Alipiga ukelele uliosikika hadi sokoni Matete, na tangu siku hiyo Nafula ndiye aliyeshika jembe. Alipalilia miwa ya watu ili unga upatikane na Cindy, binti yao, asifukuzwe bwenini.

Kule hospitali kulikuwa na mtaalamu wa viungo aliyeitwa Immaculate, mwanamke mnene mcheshi mwenye vidole kama koleo. Ndiye aliyemfundisha Nafula. Alimlaza Wanzala kifudifudi, akaushika mkono wa Nafula na kuuweka nyuma ya goti, pale penye kibonde.

"Huku mbele kuna pia ya goti na muundi, kila mtu anavijua," alisema. "Mambo yako huku nyuma. Unazisikia hizi kano, huku na huku, kama kamba za kuanikia nguo? Katikati yake unapita mshipa mkubwa wa damu, na neva inayouambia unyayo uinuke. Hapa usikandamize, mama, paka mafuta tu polepole. Na ukiona rangi imebadilika hapa, pamekuwa peusi au pamevimba, usingoje kesho, mlete mbio. Kandamiza huku chini, kwenye shavu la mguu. Hapo usimhurumie. Mguu usiotembea hunywea. Siku utakapoona shavu limejaa kama la mwenzake, ujue mikono yako imefanya kazi."

Nafula alilishika neno hilo kama mtu aliyepewa mtoto wa kulea. Akirudi kutoka shambani, mgongo ukimuuma na magoti yake mwenyewe yakilia kama mlango mbovu, aliwasha koroboi, akapasha mafuta, akakanda. Mwanzoni shavu lilikuwa limelegea kama mfuko mtupu. Halafu, loo, likaanza kujaa! Nyama ikarudi, ikakaza. Usiku mmoja alilishika shavu la kulia na la kushoto kwa pamoja, akaona hakuna tofauti, akalia kwa furaha hapo hapo chini huku Wanzala akitazama paa.

Kesho yake alivuka kijito kwenda kumwambia Musimbi. Musimbi alikuwa mjane, jirani na rafiki yake wa kanisani, yule aliyekuja kuweka mkono juu ya goti la mgonjwa na kuomba hadi machozi yakamtoka. Alimkumbatia Nafula, akapiga vigelegele. "Wewe una mikono ya baraka," alimwambia. "Mwanamume mwingine angeachwa aoze."

Hilo ndilo Nafula hakuweza kulisahau baadaye, kwamba yule mwanamke alipiga vigelegele.

Kilichomshangaza ni goti. Shavu limejaa, paja limejaa, lakini goti halikunji. Alipompigia Immaculate simu, Immaculate alimwuliza mara mbili kama shavu limejaa kweli. "Ajabu. Mlete nimwone," akasema. Wanzala akakataa katakata. Eti amechoka kukunjwakunjwa na yule mama. Eti amesikia kuna daktari Eldoret anayepasua magoti, mtu anatoka anatembea. Angekwenda peke yake, asimsumbue mtu; apewe tu nauli na pesa za upasuaji.

Pesa za upasuaji zingetoka wapi? Nafula alikaa na wazo hilo kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kudhani angelifanya. Alikwenda kwao, upande wa Lugari, akapiga magoti mbele ya mama yake mzazi akamwomba mtamba wake. Bibi kizee hakuwa na ng'ombe mwingine. Mtamba alikuwa na mimba, na maziwa yake ndiyo yangekuwa chai ya uzeeni. Mama alimtazama bintiye, akamtazama ng'ombe, akasema, "Mkwe wangu akitembea, nitakunywa chai ya rangi. Jumamosi nitamleta mwenyewe."

Wiki hiyo hiyo shamba la miwa la Musimbi likashika moto. Nani aliwasha, hakuna aliyejua. Miwa ikishaungua haina subira; usipoikata upesi utamu unaharibika na uzito unapotea, unabaki kukumbatia majivu. Nafula, licha ya uchovu wake, alivuka kijito kwenda kujitolea. Musimbi alimkatiza mlangoni. "Usijisumbue, dadangu. Wewe una mgonjwa. Nimepata vijana kutoka Matete, watakata."

Na kweli ilikatwa. Ijumaa jioni Nafula alipita kando ya shamba lile akitoka kupalilia, akaona mafungu meusi yamelala safi, visiki vimekatwa chini kabisa, karibu na udongo. Baadhi ya mafungu yalitazama upande wa pili. Akasimama. Akamkumbuka mumewe alivyokuwa, mgongo ukiinama na kuinuka, panga likimeta kushoto. Kumbe kuna shoto mwingine duniani, aliwaza, akajifuta macho akaenda kupika. Masikini Nafula! Ukweli ulikuwa umelala mbele yake shamba zima, naye akaulilia kwa upendo.

Usiku huo Wanzala alilala mapema, hakukandwa. Jumamosi mchana, kabla mama hajafika, Nafula alitandika mkeka nyuma ya jikoni, karibu na migomba, akatoa beseni la maji ya moto.

"Si ungoje jioni, Mama Cindy," Wanzala alisema kutoka kitini.

"Jioni mama atakuwa hapa. Hawezi kuleta ng'ombe wake wa pekee akakuta mkwewe ananuka. Njoo."

Alikuja na magongo yake, akivuta mguu na kuguna, akalala kifudifudi, shuka moja tu kiunoni. Na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Nafula aliuona mguu ule mchana kweupe, kwa nyuma.

Ndani ya kibonde, kwenye mkunjo wa ngozi, palikuwa na mstari mweusi.

Moyo ulimpasuka. Alisikia sauti ya Immaculate, ukiona pamekuwa peusi usingoje kesho, akajua mumewe anakufa. Damu imeganda! Tayari alikuwa akihesabu kichwani ni nani mwenye pikipiki, ni nani wa kumshika Wanzala kwa nyuma njiani. Akapitisha kidole gumba juu ya mstari, polepole, vile alivyofundishwa.

Mstari ukatoka.

Ulibaki kwenye kidole chake, ukinata. Akakitazama. Akakinusa. Ilikuwa harufu ya sukari iliyoungua.

Yeye ni mke wa mkata miwa, hakuhitaji kuambiwa. Masizi ya jikoni hayanati. Ya miwa iliyoungua hunata, kwa kuwa yamechanganyika na maji ya muwa na jasho, na hujificha pale mguu unapokunja. Mkataji hukunja suruali, huinama, huinuka, huoga mtoni akarudi nyumbani akajiona msafi. Mikono ameiona, nyayo ameziona. Nyuma ya goti lake hakuna mtu anayepaona, labda mkewe. Akainama zaidi. Hapo kando ya kano palikuwa na mikwaruzo mipya, ile myembamba ya majani ya miwa. Wiki hiyo kijijini kulikuwa kumeungua shamba moja tu.

Mafungu yaliyotazama upande wa pili yakamrudia, yote, moja baada ya jingine.

"Baba Cindy," alisema, na sauti ikatoka laini, hata yeye akaistaajabia. "Jana ulishinda wapi?"

"Swali gani hilo? Si hapo kitini. Niende wapi mimi na mguu huu?"

Nafula aliendelea kukanda. Mikono ilikuwa imeshazoea, ikaenda yenyewe, ikashuka kwenye shavu. Shavu zito, gumu, zuri. Na hapo ndipo lilipomuuma hasa. Kulala na Musimbi, sawa, wanaume wamelala na majirani tangu zamani. Lakini shavu hili alikuwa amemshukuru Mungu kwa ajili yake! Alikuwa amelilia. Kumbe si mikono yake iliyolijaza. Lilijazwa na kile kilima cha kwenda na kurudi kijitoni kwa Musimbi, kila siku Nafula alipokuwa ameinama kwenye shamba la watu. Alijisikia mjinga, mjinga wa kutupwa, na hasira ikampanda hadi masikio yakavuma.

Angeweza kumpiga na gongo. Alilitazama, likiwa limelala pale karibu. Lakini angesema nini? Wanzala angelia maumivu, angeapa, majirani wangekuja na kumwonea huruma mgonjwa, na Musimbi angekuwa wa kwanza kufika na maombi yake. Ng'ombe angeuzwa.

Basi Nafula, ambaye hakuwa mtu wa uongo, aliinua kichwa akatazama langoni na kusema kwa sauti ya hofu, "Uwi! Mama huyu hapa! Ameshaingia!"

Sasa mwelewe huyu mwanamume. Kwao mkwe humpisha mama mkwe njiani, hamshiki mkono, haketi naye meza moja. Na kukutwa naye umelala, mapaja nje, ni aibu ya kuitolea fidia. Alifundishwa hilo kabla hajafundishwa kushika panga. Wanzala hakuwaza. Aliruka. Goti lililogoma likakunja, likanyooka, likakunja tena. Pia yake ikapanda na kushuka. Zile kano za nyuma zikakaza kama kamba. Na bwana yule akapita kati ya migomba kwa kasi ya mwizi wa kuku, shuka mkononi.

Alifika mwisho wa migomba ndipo akasimama. Akageuka. Langoni hapakuwa na mtu. Kwenye mkeka mkewe alikuwa amesimama na magongo mawili, moja kila mkono.

"Mama Cindy," alisema, akihema. "Ngoja. Ngoja nikueleze."

"Nimeukanda," Nafula alisema. "Kila jioni, Wanzala. Nimeukanda na magoti yangu yakiuma." Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Cindy azaliwe. "Nenda. Njia ya kijitoni unaijua."

Wanzala alijifunga shuka. Kisha akashuka kuelekea kijitoni. Hata kuchechemea hakujali tena.

Nafula aliketi kwenye mkeka akalia, akalia hadi maji ya beseni yakapoa. Alikuwa bado ananawa kidole chake, na weusi haukutaka kutoka, aliposikia kengele ya ng'ombe na sauti ikipiga hodi kwa mbali, vile mama mkwe anavyopaswa, ili mkwe apate nafasi ya kujisitiri.

"Ingia, mama."

Bibi kizee aliingia na mtamba wake, vumbi hadi magotini, amechoka na njia. Aliyaona magongo chini. Akageuza uso upande, kwa heshima, na kuuliza, "Mkwe wangu yuko wapi? Mguu unaendeleaje?"

"Amepona, mama."

"Bwana asifiwe!" Mama aliinua mikono, kamba ikaning'inia. "Lini?"

"Sasa hivi."

Mama akamtazama bintiye vizuri, macho yaliyovimba, beseni, mkeka. Mikono ikashuka polepole. "Nafula. Ametembea?"

"Usimfunge ng'ombe, mama. Tunarudi naye, mimi na wewe," Nafula alisema, akichukua kamba. "Alikimbia. Na miguu yote miwili."