Kichwa na Koo la Giva

Zuleide alikuwa ameomba ruhusa kwa mara ya nne kwenye chumba cha kufulia cha hoteli alikofanya kazi. Kwa mara ya nne alimshika mkono mdogo wake Genivaldo, ambaye nyumbani walimwita Giva, wakapanda vilima vya mji wa Salvador, Brazili, kwenye jua kali mpaka zahanati ya wagonjwa wa akili. Muuguzi wa mapokezi alinusa tu, akafunga faili.

"Amekunywa huyu."

"Ndiyo, amekunywa. Sauti zinamtukana kutwa kucha. Anakunywa kachasa ili zinyamaze."

"Dada, aache pombe kwanza, ndipo daktari amwone. Mpeleke kituo cha walevi, kule chini."

"Kule chini wameniambia sauti zitibiwe kwanza! Sasa nimpeleke wapi, makaburini?"

Giva alimvuta gauni. "Twende zetu, dada. Wanasema nikijimaliza utapumzika."

"Nani wanasema?"

"Si hao." Akaonyesha ukuta mtupu.

Zuleide alihisi damu ikimpanda kichwani. Akausukuma mlango wa daktari bila kubisha. Dokta Lisandro aliinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa.

"Mama, kuna utaratibu hapa."

"Utaratibu gani? Mtu ni mmoja, daktari! Kichwa mnakitaka nyinyi, koo wanalitaka wale. Nimkate shingo niwagawie?"

Kwenye benchi nje mtu aliangua kicheko, kisha akajikohoza.

"Tulia kwanza, mama."

"Situlii. Chukua kalamu. Andika kwamba Genivaldo amesema sauti zinamwambia ajiue, na wewe umemrudisha nyumbani. Tia sahihi."

Daktari aliishika kalamu, lakini hakuandika. Akamtazama Giva, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akitetemeka. Mwishowe akainua simu, akapiga kituo cha chini.

Kumbe ilikuwa kazi ya dakika kumi! Siku ile ile Giva alipewa dawa, na mshauri wa walevi akapanda kuja kumwona. Wakapanga awe anakuja asubuhi tatu kwa wiki na kurudi kulala kwao, na daktari na mshauri wamtibu pamoja katika chumba kimoja. Hata siku akija amelewa, asifukuzwe.

Walipokuwa wanatoka, muuguzi alinong'ona, "Ungeomba kwa upole, dada."

"Kwa upole niliomba miezi mitano."

Giva aliteleza mara mbili, akanywa, akarudi huku anaona haya. Walimpokea. Sauti zikafifia, akaanza kula na kulala. Zuleide alishukuru, lakini hasira yake haikumtoka.

Asubuhi moja walikuta tangazo limebandikwa ukutani, na picha ya Dokta Lisandro anatabasamu: HUDUMA MPYA: AKILI NA POMBE CHUMBA KIMOJA, UBUNIFU WA ZAHANATI YETU. Zuleide alilisoma mara mbili. Kisha akalibandua, akalichana vipande vipande mbele ya mapokezi, akaketi kwenye benchi kando ya mdogo wake kusubiri zamu yao. Muuguzi alifungua faili la Giva.