Mamba wa Kuitwa kwa Sufuria

Mimi si mtu wa kunyamaza, na mume wangu anajua, kwa hiyo nitasema tangu mwanzo: utumbo ule ulitoka jikoni kwangu. Mimi ndiye niliyechinja kuku, nikautoa, nikauweka kwenye kopo kuukuu la rangi na kulifunika ili nzi wasijae. Yeye alikuwa mbebaji tu.

Miaka mitatu nyuma tulikuwa watu wa mahindi na mkaa. Mahindi yakikubali tunakula, yakikataa tunachoma mkaa, na msitu ukazidi kusogea mbali mpaka ukawa hauonekani kutoka mlangoni. Ndipo kikaundwa kikundi cha utalii, kaya kumi na moja, kila moja na kazi yake. Hawa wakafuga nyuki, wale wakasuka vikapu vya kuuzia wageni. Sisi tulikisafisha chumba tulichokuwa tunawekea magunia, tukapaka chokaa, tukatia vitanda viwili na vyandarua. Mimi nikawa mpishi. Mume wangu, ambaye tangu nimjue hajawahi kulitangulia jua kuamka, akawa mwongoza wageni. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu.

Shida ya msitu ni kwamba hauamrishwi. Wageni wa kwanza walitembea saa nne nzima, wakaona ndege wawili na kinyesi cha swala, wakarudi wamenuna. Wa pili hivyo hivyo. Ndipo mume wangu alipomwona mamba kwenye kina cha mto, pale unapokata kona chini ya mwamba, akamtupia utumbo. Kesho yake akamtupia tena. Kisha akaanza kugonga sufuria kwa mwiko kabla ya kutupa, na baada ya wiki tatu mamba alikuwa akiibuka kwa mlio tu, kabla hajanusa chochote. Wageni walipagawa. Tulimpa jina la Mwenyekiti, kwa sababu alikuja amechelewa, akala, akaondoka bila kuchangia neno.

Na kweli mambo yakatunyookea. Chumba hakikukaa tupu tena, na mkaa tukauacha kabisa. Sitaki unafiki, nilifurahi sana.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyekuwa akiosha vyombo vya wageni. Alivipeleka mtoni, pale kijiji kizima kinapochotea maji, hatua mia mbili hivi chini ya ile kona. Wifi ni mtu wa raha. Akisugua sufuria anaimba, na akiimba lazima aigongegonge kwenye jiwe apate mdundo. Siku moja alirudi na vyombo bado vina povu.

"Wifi, nimemwona Mwenyekiti," akaniambia.

"Wapi?"

"Pale pale ninapooshea. Nainua uso, nakuta macho mawili yananitazama, si mbali, kama kutoka hapa hadi kwenye mtungi. Wala hajanifanya kitu. Anasubiri tu."

"Anasubiri nini?"

"Unaniuliza mimi? Mpishi wake si wewe?"

Alicheka, lakini siku hiyo hakurudi mtoni, na vyombo vile nilivisuuza mimi.

Mume wangu aliporudi nilimjia juu hata viatu hajavua.

"Usitie chumvi, mama watoto," akasema. "Yule namjua. Mzee wa watu, ameshiba, hana shida na mtu."

"Ameshiba kwa ajili ya sufuria. Na dada yako ana sufuria. Mamba atajuaje ipi ya kulia na ipi ya kuosha?"

Akakuna goti. Halafu akasema, "Basi. Kuanzia kesho hapewi hata unyoya."

Nikajiona nimeshinda. Leo naona aibu hata kulisimulia hilo. Mnyama tulimzoesha kuja kula kwetu, kisha tukamfungia jiko ghafla, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza njaa ingempeleka wapi. Wageni tuliwaambia Mwenyekiti amesafiri. Wifi tulimwambia aendelee na kazi yake, hatari imekwisha. Niliyemwambia ni mimi.

Siku ya tisa, jua limeshapanda, nilikuwa napepeta mchele niliposikia ukelele wa mtoni. Sikumbuki nilivyokimbia. Nilimkuta wifi mchangani, amekumbatia mzizi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto sikuweza kuutazama. Sufuria ilikuwa inaelea katikati ya mto, inazunguka polepole. Kitu kilimdaka akiwa ameinama, akakitwanga nayo usoni mpaka kikamwachia. Alinieleza hayo yote kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akazimia.

Zahanati walimshona, wakasema mkono utabaki ila vidole havitafumba tena. Kila asubuhi nilimfungua bandeji, nikaosha, nikafunga. Kazi hiyo sikumwachia mtu. Nilizijua zile alama za meno moja moja, safu mbili zimekaribiana, kiganja changu kimoja kilitosha kuzifunika zote.

"Wifi, usinililie kidondani, machozi yana chumvi," aliniambia, na hapo ndipo nililia hasa.

Siku sita hakuna aliyekwenda mtoni. Wanawake walichota maji kisima cha mbali, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na wakipita mbele ya nyumba yetu hawakutusalimia. Siwalaumu. Siku ya saba katibu wa kikundi alikuja na askari wawili wa wanyamapori, na bunduki zao. Habari zikaenea, kijiji kikamiminika mtoni, wanawake wengi wakiwa na ndoo kabisa, maana walikuwa wamechoka.

"Wewe ndiye unayemwita?" askari mmoja alimuuliza mume wangu. "Haya, mwite."

Mume wangu alisimama pale wifi alipokuwa akioshea, akainua sufuria. Nilimhurumia, na nilimkasirikia, yote kwa pamoja. Akagonga. Mwenyekiti akaja bila haraka, kama kawaida yake, akanyanyua kichwa kusubiri chake. Bunduki zikalia mara mbili.

Walimvuta kwa kamba hadi mchangani. Kazi hiyo ilichukua kama nusu saa, watu wakishangilia, katibu akipiga picha. Askari wakasema mchezo umekwisha, wakaenda kukaa kivulini. Nami nikajipenyeza mpaka mbele. Sitaficha, nilitaka kumtemea mate. Mdomo ulikuwa wazi. Sijui nini kilinituma, nikapitisha kiganja changu kati ya safu zake za meno, kama nilivyozoea kukipitisha juu ya mkono wa wifi kila asubuhi.

Kilipwaya. Nikaongeza cha pili, na bado nafasi ilibaki.

Nikamrudia mume wangu, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe peke yake, sufuria mapajani.

"Gonga tena."

"Si ameshakufa, mke wangu."

"Aliyemng'ata dada yako siye huyu. Huyu mdomo wake ni mpana mno. Gonga."

Alinitazama usoni, akaona sifanyi masihara. Mwiko alikuwa ameuangusha, akaokota jiwe, akagonga kwa jiwe.

Maji yalikuwa yametulia. Kisha kikaibuka kichwa kando ya matete, chembamba, cheusi. Kikaibuka kingine nyuma yake. Cha tatu kilitoka ng'ambo, kikaja moja kwa moja. Kumbe siku zote mzee yule alikuwa anakula juu, na wenzake wadogo wanaokota mabaki chini ya maji, mlio wakiujua kama yeye. Nilipohesabu cha tano nilianza kupiga kelele, maana wanawake walikuwa wameshaingia mtoni maji yakiwafika magotini, wameinama na ndoo zao, na mume wangu, kwa woga, alikuwa bado anagonga.