Kijiti cha Kilele

Kila alasiri, mawingu yalipoanza kutoka upande wa msitu, Navalayo alipanga vyombo sakafuni: sufuria ya ugali katikati, karai kando ya kitanda, na bakuli mahali ambapo tone lilikuwa na tabia ya kubadili nia. Nyumba yake ilikuwa ya duara, ya udongo na nyasi, na nyasi zenyewe hazikuwa na kosa. Mumewe Chrispinus alikuwa ameziezeka kwa mkono usiojua haraka. Shida ilikuwa kileleni, pale palipokuwa na kijiti. Kijiti kilipong'olewa kiliacha tundu la kupitisha ngumi, na mvua ya Kakamega ikiona tundu haibishi hodi.

Sehemu hizo, kijiti cha kilele husema kwamba mwenye nyumba yu hai. Akifa, kaka yake hupanda akaking'oa, na kila apitaye njiani hujua bila kuuliza. Mwaka wa tisini na tatu mto Nzoia ulifurika ukachukua trekta la miwa pamoja na wakataji waliokuwa juu yake, Chrispinus akiwamo. Wengine walipatikana. Chrispinus hakupatikana, na ukoo ulipochoka kungoja ulikata mgomba, ukauvika shati lake la Jumapili, ukauzika kwa nyimbo, kama ilivyo desturi mtu anapopotea moja kwa moja. Wanyama, kaka yake mkubwa, akapanda paa akaking'oa kijiti.

Hakukitupa. Alikichomeka shambani kiwe mpaka kati yake na mjane, kisha kila msimu wa kupanda alikisogeza kidogo, mpaka miwa yake ikafika mlangoni kwa Navalayo na majani yakawa yanamkwaruza akitoka kuchota maji.

"Asiyekuwapo na lake halipo, shemeji," alimwambia kwa upole. Navalayo na Chrispinus walikuwa na mtoto mmoja tu, Nekesa, aliyeolewa Chekalini, na mpaka haungoji binti.

Alasiri moja ya mwezi wa Mei mvua ilishuka kama kawaida, na tone la kwanza likaanguka kwenye sufuria. La pili halikuanguka. Nje mvua ilikuwa ikiyapiga majani ya miwa kwa nguvu ile ile. Navalayo aliinua macho. Tundu lilikuwa limezibwa na suruali ya kaki yenye kiraka cha bluu, kiraka alichokishona mwenyewe kutoka kwenye kitambaa cha meza.

"Baba Nekesa," alisema, "umekalia tundu."

"Naona linavuja," Chrispinus alijibu kutoka juu. "Nani alitoa kijiti?"

"Kaka yako."

"Basi siwezi kuingia."

Navalayo alijua. Nyumba isiyo na kijiti haina mwanamume hai, na Chrispinus hakuwa mtu wa kuvunja desturi kwa sababu ya baridi. Mvua ilipokatika hakuwapo tena. Kesho yake mawingu yalirudi, naye akarudi.

Majirani walizoea upesi. Waliokuwa wakitoka sokoni Lubao na mifuko ya nailoni kichwani walimwamkia wakipita, naye akawajibu kwa kuinua mkono, akiangalia asisogee sana. Nafula, jirani wa karibu, alisema ni bahati, maana mume wake yeye alikuwa hai kabisa na paa lao linavuja pande zote.

Lakini Navalayo hakuwa na haja ya paa kavu. Alimtaka mtu wake. Alitaka kumsikia akivuta kigoda, akilalamika kwamba mboga imezidi chumvi, akikoroma. Alipanda juu ya meza, akaweka kigoda juu ya meza, akanyoosha mkono mpaka kwapa likauma, na vidole vyake vikaishia hewani, chini kidogo tu ya kile kiraka. Alishuka akakaa kitandani akalia. Juu, Chrispinus alimsikia.

Navalayo alijaribu kukata kijiti kingine kwenye ua. Mume wa Nafula alikipandisha wakati wa jua, akakifunga kwa kamba. Mvua ilipokuja kilikuwa chini kwenye tope. Kijiti cha kilele hurudishwa na aliyeking'oa, au hakirudi. Kwa hiyo Navalayo alivuka miwa akaenda kwa Wanyama, akamwomba aje.

Wanyama alikuja na mwavuli. Alitazama juu.

"Ndugu yangu, habari ya huko?"

"Baridi."

"Pole sana." Kisha akamgeukia Navalayo. "Shemeji, mtu akishazikwa harudingi. Tulichinja ng'ombe. Watu walikula wakashiba. Sasa niwaambie nini, warudishe nyama?"

"Waambie mlizika mgomba."

"Mgomba ndio uliozikwa kwa jina lake," alisema Wanyama. "Na umechipuka vizuri."

Hilo lilikuwa kweli. Kaburi lilikuwa limetoa mkungu mkubwa, na Wanyama ndiye aliyeukata. Alisema ndizi zake zilikuwa tamu.

Navalayo alimwita pia Patroba, naibu wa chifu, mtu mwenye adabu na viatu vilivyong'aa. Patroba alisimama chini ya mchirizi wa paa akavua kofia.

"Nimemwona, sikatai," alisema. "Lakini hotuba ya mazishi niliitoa mimi, mama. Nililia kidogo. Nikisema leo yuko hai, ile hotuba nitaipeleka wapi? Kama yuko, aje ofisini Jumatatu, aseme mwenyewe."

"Kukinyesha?" Chrispinus aliuliza kutoka juu.

"Kukinyesha ofisi tunafunganga."

"Kusiponyesha siwezi kuja."

"Basi hapo ndipo penye shida," alisema Patroba, akavaa kofia yake.

Ukaja Desemba, na mvua ikapungua. Januari anga lilikuwa tupu. Watu walianika mahindi, wakarekebisha mapaa yao, wakashukuru. Navalayo peke yake aliangalia upande wa msitu kila alasiri. Jua liliingia kwa lile tundu likaweka doa sakafuni, naye alikaa kwenye doa hilo, na doa lilipohama alihamisha kigoda akalifuata mpaka likafika ukutani. Kanisani walipoomba jua la kumalizia mavuno, yeye alifunga macho akaomba mvua. Nekesa alituma ujumbe kwamba kwake kuna nyumba ya mabati na chumba kimekaa bure, mama aje apumzike. Mama yake alijibu kwamba ana mgeni anamngoja.

Mwezi wa Machi ngurumo ya kwanza ilimkuta kwa Nafula.

"Niazime ngazi," alisema.

"Mama Nekesa, mwanamke hapandi paa la bwana yake. Hata mwenyewe unajua."

"Najua."

Nafula alimshikia ngazi. Mvua ilianza Navalayo akiwa katikati, na alipofika juu Chrispinus alikuwa amekwisha kuketi mahali pake, akiwa amekonda kidogo, matone yakimtoka kwenye nyusi. Hakumgombeza. Alisogea. Wakakaa mgongo kwa mgongo juu ya tundu, kisha wakageuka wakakaa ubavu kwa ubavu, na Navalayo akaushika mkono wake. Ulikuwa baridi kama mtungi, na ulikuwa wake. Akamwambia alivyomkosa, yote, bila kuona haya, na yeye akamwambia kwamba mgomba ule waliuvika shati alilokuwa akilipenda.

Mvua ilipokatika, hawakuwapo wote wawili. Nafula alingoja kidogo, akachukua ngazi yake akaenda kupika.

Ukoo ulingoja siku za kutosha, kisha ukakata mgomba mwingine, ukauvika gauni la kanisani. Patroba alitoa hotuba, akalia kidogo. Nekesa alikuja kutoka Chekalini, akakaa nje ya nyumba mpaka alasiri akazungumza na wazazi wake, akarudi kwake amelowa.

Sasa Wanyama huweka mbolea ya miwa ndani ya nyumba ile, kwa maana mbolea haitaki maji, na pale pote hakuna paa lingine lisilovuja. Kutoka kileleni Navalayo huiona miwa yote hadi barabarani, na kule mwisho kijiti chao kilikohamishiwa, fahali wa Wanyama amefungwa pale. Mawingu yakitoka msituni Wanyama husimama mlangoni, huwaamkia, huwashukuru kwa kazi. Kisha Navalayo humsikia akifunga mlango, magunia yasipate unyevu.