Harage Ndani ya Kiatu

Nimelala ubavu juu ya mkeka, mchana wa jua kali, ungo wa maharage pembeni yangu, nusu nimeyachagua nusu bado, na Wande mwanangu amenishika kidole kimoja kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Siyo kwamba nataka kulala. Mama mkwe yuko njiani anakuja kutoka Maswa, basi lake linaingia Morogoro jioni, na maharage haya ni yake, na mtoto huyu pia, kwa jinsi alivyosema kwenye simu, ni wake. Mama Wande, alisema, mfungie nguo zake, safari hii narudi naye. Miaka mitatu hajui shikamoo? Akiona watu anajibanza nyuma ya mlango kama mjusi? Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu. Akikaa kwangu atapiga magoti mwenyewe bila kuambiwa. Shija mume wangu hakumpinga, kwa sababu mama ni mama, nami nikakunja gauni moja tu, lile la njano, nikashindwa kuendelea. Maana mara ya mwisho mama alipokuja, Wande hakumtazama hata usoni, na kesho yake bibi wa watu akavaa kiatu akakuta harage ndani, likamuumiza kidole, akarukaruka barazani kwa mguu mmoja akisema, haya, salamu hana, uchokozi anao! Kwenye darasa la jioni ninakosoma mwalimu aliandika ubaoni, tabia ya mtu, huzaliwa nayo au hulelewa nayo, akageuka atuambie, umeme ukakatika, tukarudi majumbani tukipapasa. Ndilo ninalowaza, kwamba mpaka leo sijajibiwa, na nikiwaza macho yanazidi kuwa mazito, kidole changu kinapoa, na nikifumbua Wande hayupo, nasikia viatu vyake tu, vile vya kulia pii pii, vinatoka mlangoni.

Naruka kizingiti. Nje mtaa wetu haupo. Ipo njia, na njia yenyewe ni mikeka, mkeka umeungana na mkeka mpaka macho yanapochoka, hivyo navua ndala maana huwezi kukanyaga mkeka wa watu na ndala, naenda pekupeku. Nyumba za kulia ni zilezile za kushoto, dirisha kwa dirisha, kama mji umejitazama kwenye kioo ukajipenda, na upande wa pili yupo mwanamke mwenye kanga kama yangu anayetembea nikitembea, anayesimama nikisimama. Wande! naita. Pii pii, mbele. Nakimbia, na njia inakimbia nami, na kadiri ninavyokimbia ndivyo ninavyobaki palepale, mpaka nakutana na mtu amesimama katikati. Amevaa viatu vya mama mkwe, vile vyeusi vya kisigino kifupi, nguo yake siikumbuki hata ninapoitazama, na uso hana, pale pa uso ni laini kama yai. Namwamkia, shikamoo, maana umri wake siujui na heshima ikizidi haimuumizi mtu. Haitikii. Kitendawili, anasema. Samahani, nasema, nina haraka, namtafuta mtoto, amepita hapa? Kitendawili, anasema tena, taratibu, kama mtu mwenye siku nyingi. Basi, tega. Hapigi hodi, lakini ameshaingia. Nafikiri. Usingizi, nasema. Siyo. Kivuli. Siyo. Umeshindwa, nipe mji. Ndivyo tulivyocheza kijijini kwetu Matombo tukiwa wadogo, ukishindwa kitendawili unatoa mji, na nilikuwa nikitoa miji ovyo, Tanga chukua, Mombasa chukua, sikujua kuna siku nitatoa mji na kuingizwa ndani yake. Nakupa Maswa, nasema. Jamani, mdomo huu! Miji yote duniani. Anaupokea kwa mikono miwili kama bakuli, anaumwaga mbele yetu, na Maswa inasimama.

Uwanja ni mpana, umefagiwa, na mistari ya ufagio inaonekana. Mabinti wamepangwa, wakubwa wakubwa sasa, magoti yote yanashuka chini kwa pamoja na sauti moja inapanda, mwadila, salamu ya Kisukuma, na wazee wasio na nyuso wanaitikia, mwadila, mhola, yaani salama, na magoti yanainuka, na yanashuka tena. Mwanangu yumo. Najua yumo, na siwezi kumjua, kwa kuwa wote hawana nyuso na wote wanapiga magoti vizuri, vizuri mno, hakuna anayejikwaa. Ndilo nililoliogopa, nasema, wamemkunja. Napita kwenye mstari nikiinama mbele ya kila mmoja, wewe ni Wande? wewe ni Wande? na kila mmoja ananijibu, mwadila mama. Nimekwisha kukata tamaa, nimefika mwisho wa mstari, ndipo salamu zinapokwisha na mabinti wanatawanyika wakicheka, na mmoja anabaki. Anazungukazunguka. Anajifanya anatazama kuku. Kisha anapita ubavuni mwangu bila kunitazama na nahisi kitu kinaingia kiganjani mwangu, kidogo, cha moto kwa kushikwa muda mrefu. Harage. Nageuka nimkumbatie, na mikononi nina upepo. Magoti amejifunza, namwambia huyu mtega vitendawili, mwongozaji wangu, nikitaka kulia nikitaka kucheka, magoti amejifunza na bado ni yeye! Kitendawili, anasema yule wa viatu vyeusi. Wee baba, au mama, nasema, wewe huna habari nyingine? Hapigi hodi, lakini ameshaingia. Ni harufu ya chakula. Siyo. Nipe mji.

Safari hii najihadhari, natoa mji ambao hakuna ndugu wa Shija wala ndugu yangu, ule wa kwenye kalenda iliyopo ukutani kwetu, wenye theluji na majumba ya vioo. Na tunaingia ndani yake kama unavyoingia kwenye maji ya baridi. Kila jumba lina jumba jingine ndani ya kioo chake, kila mtu ana mtu mwingine, na hakuna anayemsalimu mwenziwe, si wa huku si wa kwenye kioo. Wanakaribiana kama miguu ya meza, bila kugusana. Shikamoo, namwambia mmoja, anaongeza mwendo. Habari za saa hizi, namwambia mwingine, anakagua mfuko wake kama nimemwibia. Ndani ya ofisi wanawake wawili wasio na nyuso wananong'ona, na maneno yao, sijui kwa nini, nayaelewa. Yule mgeni, anasema mmoja, mimi ananishinda. Amekufanya nini? Hana aibu! Anaingilia watu. Kila asubuhi anakuwekea kitu mezani, jana pipi, leo kokwa la embe. La embe? La embe, limeoshwa! Mtu mwongeaji namna ile sijapata kuona. Nacheka mpaka nashika ukuta. Mwanangu, mwongeaji! Huyu aliyeitwa mjusi! Kule hana salamu, huku zimemzidi, na yeye hajaongeza wala hajapunguza, ni kipimo cha watu tu kilichobadilika. Naona meza ya yule anayenung'unika, makokwa ameyapanga dirishani moja moja, palipo na jua. Na mgongo wa mwanamke mrefu mwenye koti unatokomea kwenye kona, na hatua zake, nasikiliza sana, hazilii tena pii pii. Nakimbia. Wande, ngoja! Kona inazaa kona.

Hapigi hodi, anaanza mwongozaji, nami namkatisha, najua, najua, ameshaingia, sijui ni nini, na miji imeniishia. Unao mmoja, anasema. Sina. Unao, ule unaouficha. Nasimama juu ya mkeka wangu, miguu inawasha, na ni kweli ninao, kila mama anao, nimeubana chini ya ulimi tangu siku niliyojifungua. Nakupa mji ambao mimi simo, nasema. Nafikiri utakuwa na giza. Hauna. Ni barabara na watu na mtu anakaanga vitumbua, na upande wa pili wa kioo, pale alipokuwa akitembea yule mwanamke wa kanga yangu, pako wazi. Barazani ameketi bibi kizee, wajukuu wamemjaa, wanapiga kelele kama kuku wa kisasa, na yeye katikati kimya, anashona kifungo cha mtu. Uso hana na yeye. Lakini simwogopi. Nakaribia, na ninapokaribia naona kwamba ni mkubwa kuliko mimi, ni mkubwa kuliko mama mkwe, na nifanye nini, nimelelewa, goti linanikunjika lenyewe. Shikamoo, namwambia mwanangu. Bibi kizee hasemi marahaba. Anaweka shati pembeni, anapapasa kwenye fundo la kanga yake, na bila kuinua kichwa ananyoosha mkono, anafungua kiganja changu kama mtu aliyekwisha kukifungua mara nyingi, anaweka harage humo, anakifunga. Maisha yote hayakutosha kulibadilisha hilo. Na mimi lile la kiatuni nililiokota barazani siku ile nikalitupa jalalani, nikamwomba mama radhi!

Tega! nampigia kelele mwongozaji kabla hajasema. Hapigi hodi, lakini ameshaingia, anasema. Ni salamu ya Wande. Kisha anainama, anavua kiatu kimoja cheusi, anakipindua, na kinachoanguka kinadunda juu ya mkeka, pii, kinadunda, pii pii,

hodi hodi humu! Hee, mkamwana, unalala mpaka mate yanatoka? Mama mkwe amesimama mlangoni na kikapu chake na jogoo amefungwa miguu, Shija nyuma yake na begi. Naamka nikijifunga kanga vibaya. Shikamoo mama, pole na safari. Marahaba, yuko wapi mgeni wangu? Chini ya mlango ncha za viatu vyekundu, vile vya pii pii, zinaonekana. Mama anavua viatu, anaingia, anakunywa maji, anatazama gauni la njano peke yake kitandani, anaguna. Anasema ngoja kwanza nikanawe, anarudi mlangoni, anavaa kiatu. Yalaa! Anakivua, anakipindua. Ona sasa! Shija, ona! Anainua mkono alirushe uani. Mama, usilitupe, nasema, na sauti yangu ni kubwa kuliko nilivyotaka. Hiyo ndiyo shikamoo yake. Nini? Harage? Ndiyo mama. Alikuamkia hata safari ile, sisi ndio hatukusikia. Mama ananitazama, anamtazama Shija, analitazama harage. Analigeuza. Jogoo anajitikisa. Kisha mama mkwe, na goti lake bovu, anachuchumaa mbele ya ule upenyo kati ya mlango na ukuta, anasema kwa sauti ya chini, marahaba, mjukuu wangu. Na kidole kimoja kinatoka. Mama anakishika. Wanakaa hivyo. Huyu nikienda naye Maswa, anasema, na ukoo ulivyo mkubwa, akiwaamkia wote hivi atanimalizia mbegu zote. Abaki. Magoti nitamfundisha likizo.

Nakaa chini. Nyayo zangu zina alama za mkeka, na mimi nililala ubavu. Nafungua kiganja na humo mna harage jingine, la zamani, limelainika kwa kushikwa na mikono mingi. Mama mkwe bado amenipa mgongo, kanga imemfunika kichwa, nami nasubiri ageuke nione kama ana uso. Hageuki. Kitendawili, anasema, na nyuma ya mlango kisauti ambacho sijapata kukisikia mbele ya mgeni kinajibu, tega.