Kazi ya Mzazi

Kufikia saa tano asubuhi benchi la duka la fotokopi lilikuwa limejaa, na wengine walisimama mlangoni, bahasha zimebanwa kifuani. Maombi ya mikopo ya chuo yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni hiyohiyo. Mwenye duka, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kopi, hakuwa ameonja hata chai. Hakuna aliyemwajiri kuwaelekeza watoto wa watu. Siku moja tu alimkuta mmoja analia mbele ya kompyuta, akavuta kiti, na tangu hapo hakuacha.

"Kazi ya mzazi?" akamuuliza binti aliyekaa mbele yake.

"Mfanyabiashara," baba yake akadakia.

Vidole vya Mama Kopi vikasimama. "Biashara gani, kaka yangu?"

"Natengeneza viatu. Sijaajiriwa na mtu mimi."

"Wapi?"

"Chini ya ngazi za soko."

"Basi nisikilize. Mwaka jana watoto watatu walinyimwa mkopo kwa neno hilo. Wale wa mikopo kule hawazioni ngazi. Wakisoma mfanyabiashara, wanaona ghorofa."

Baba akatazama kucha zake zilizoganda gundi. Miaka ishirini alijiita hivyo mbele ya wakwe na majirani. Binti akainamisha kichwa ili asimtazame.

"Andika fundi viatu," akasema mwishowe. "Na ngazi uzitaje."

Ulibaki mhuri wa afisa wa mtaa. Mama Kopi akafunga duka, akaongoza msafara: wanafunzi wanane, fomu mikononi, fundi nyuma yao.

"Muda wa mihuri umepita," afisa akasema bila kuinua macho. "Njooni kesho."

"Kesho ya nini, baba? Mwisho ni leo." Mama Kopi akamsogezea fomu na kalamu. "Basi andika hapa kwamba umekataa, na sababu, halafu weka sahihi. Tutaiambatisha."

Afisa akaitazama kalamu kama kaa la moto. Akaivuta fomu, akasoma kwa sauti: "Fundi viatu, chini ya ngazi. Ha!"

"Ndiye mimi," fundi akasema. "Hizo soli za viatu ulivyovaa nimezishona mimi, bosi. Zimeachia?"

Vijana wakaangua kicheko. Afisa akagonga mhuri kwa hasira, meza ikatikisika.

"Na wewe mama, huyu binti ni nani wako?"

"Wangu. Na hawa wote wangu." Akaweka fomu nyingine mezani. "Gonga, bado saba."