Msitu Unaoitikia Hodi

Askari wa misitu wa msimu waliajiriwa wakati wa kiangazi tu, majani yanapokauka na moto kushika kirahisi. Felicitas alikuwa mmoja wao. Masika alishona sare za shule kwa cherehani yake. Mvua zikikatika alivaa buti za kazi zilizomzidi mguu, juu ya soksi mbili mbili, akapanda kilima cha Madale hadi mwanzo wa njia ya doria. Hapo alishusha begi, akajiweka sawa, akapiga hodi.

"Karibu," msitu uliitika.

Ndipo akaingia. Ndivyo alivyofundishwa na Leodegar, mkuu wa doria: unapiga hodi, ukiitikiwa unaingia, ukipiga mara tatu kimya, unageuza, kama kwa mtu yeyote mwenye heshima zake. Sauti ya msitu ilikuwa ya mwanamama mwenye shughuli zake uani ambaye hataki kukuacha umesimama mlangoni. Ilitokea nyuma ya mivule, ikaja na harufu ya majani yaliyolowa, hata katikati ya ukame.

Ilikuwa misimu kadhaa sasa na bado mwili ulimsisimka. Mtu akishakaribishwa, mambo yalijionyesha yenyewe. Sange walivuka njia na pua zao ndefu, bila haraka. Mbega walishuka hadi usawa wa macho yake, wakamtazama, wakaridhika. Chemchemi ambayo jana haikuwepo ilichuruzika chini ya mizizi ya mkongo. Asubuhi moja alifika bondeni akakuta ukungu umelala, na miti yote imeinamia upande mmoja, inasikiliza kitu. Naye akasimama kusikiliza. Hakusikia chochote, ila machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa sare bila aibu. Alikuwa na furaha iliyomzidi kimo. Dar es Salaam nzima, na singeli yake na honi zake, ilikuwa nyuma ya kilima kimoja tu, wala haikuwa na habari.

Jioni alishuka kwenda kwake. Kwake kweli: chumba na sebule visivyo na dari, madirisha yamezibwa kwa turubai, juu ya kiwanja walichouziwa na dalali aitwaye Theonest. Yeye na mumewe Albano, mchonga vinyago, walihama nyumba za kupanga za Tabata kabla hata ya kupiga plasta, maana mtu akishapata kwake hangojei plasta. Siku waliyohamia, Albano alizunguka akigusa kila ukuta kwa kiganja, akicheka peke yake. Wageni walikuwa bado hawajaalikwa. Walisubiri nyumba iishe.

Kiangazi hicho ofisi iliagiza mpaka wa msitu ukaguliwe. Vigingi vya zege vilikuwa vimepanda kilima, na kila aliyeulizwa alisema havijaguswa na mtu. Leodegar hakuona ugumu wowote. Alimchukua Felicitas na kopo la rangi nyekundu, wakaanza kushuka kutoka kwenye vigingi, wakipiga hodi kila walipofika. Panapoitika ni msitu, panawekwa X. Panaponyamaza ni nje. Hakuna asiyejua maana ya X nyekundu ukutani: siku yoyote linaweza kuja tingatinga.

Gereji iliitika. Banda la kuoshea magari liliitika, na waoshaji wakafunga maji kwanza ili sauti isikike vizuri. Kwa Rukaiya, muuza chipsi, msitu uliitika kutoka nyuma ya kabati la vioo.

"Huo unaitikiaga hata wateja wangu," Rukaiya alisema huku akigeuza chipsi mayai. "Mie nikienda chooni wala sina wasiwasi. Mtakula?"

"Tuko kazini, dada," Leodegar alisema.

"Haya. Na hiyo X, mtavunja lini?"

"Sie tunakagua tu."

"Basi wekeni kule pembeni, msinichafulie tangazo langu."

Wakaiweka pembeni. Kadiri walivyoshuka, Felicitas alizidi kubaki nyuma. Mtaa huu aliujua. Alikumbuka siku ya kununua kiwanja: walileta mashahidi, walipima kwa kamba, walisaini, walikunywa soda. Hodi hawakupiga. Nani anapiga hodi kwenye kiwanja kitupu? Hapakuwa na mlango. Hata yeye, ambaye kila asubuhi aliomba ruhusa ya kuweka mguu msituni, siku ile aliingia tu na viatu vyake, akaanza kuonyesha jiko litakaa wapi.

"Hapa ni kwako," Leodegar alisema. "Nipige mie?"

"Napiga mwenyewe."

Alisimama mbele ya mlango wake mahali ambapo husimama wageni. Ndani, Albano aliwasikia. Aliweka patasi chini, akafumba mdomo, kwa sababu alijua kazi waliyoijia.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya tena. Felicitas akaanza kutumaini. Aliona haya kutumaini, akaendelea kutumaini hivyo hivyo. Alifikiria madirisha ya vioo. Alifikiria plasta.

"Hodi."

"Karibu, mama," msitu uliitika kutoka chumbani.

Hakuwahi kuisikia kwa karibu namna ile. Pumzi yake ilipita chini ya mlango, baridi, na harufu ya majani yaliyolowa ikamzunguka miguuni. Akashika fremu. Ilikuwa sauti ile ile ya bondeni, na upole ule ule. Haikuwa na hasira hata kidogo. Ingekuwa na hasira, angejua la kufanya.

Alichukua brashi kutoka kwa Leodegar, akapiga X kwenye ukuta wa sebule yake. Albano alitoka nje, akaitazama.

"Umeipiga kubwa," alisema.

"Ndogo haionekani."

"Ni kweli," Albano alisema, akarudi ndani.

Ofisi iliipokea kazi yao na kuwapongeza kwa uaminifu. Kisha ikaonekana kwamba nyumba zenye X ni nyingi mno kuvunjwa, hivyo vigingi vibaki vilipo. Na kwa kuwa juu ya vigingi ni msitu wa aina ile ile ambao watu wa chini ya vigingi wanaishi ndani yake vizuri tu, hakukuwa na ubaya navyo vikisogea tena kidogo. Theonest alirudi kilimani na wateja wapya. Aliwaeleza kwamba nyumba za upande huu hujiitikia zenyewe mwenye nyumba akiwa kazini, kwa hiyo mwizi hakaribii. Viwanja vikagombewa. Miti ya bondeni ilianza kuanguka kabla mkataba wa Felicitas haujaisha, na kila asubuhi alipopiga hodi, aliitikiwa vile vile, kwa ukarimu ule ule, hata siku ambayo hapakuwa na mvule wa kuificha sauti.

Mvua za vuli zilipoanza, mama yake mzazi, Bi Adelina, alikuja kutoka Masasi kuiona nyumba ya mwanaye. Uvumilivu wa kusubiri dari ulikuwa umemwishia. Alifika na mfuko wa korosho kichwani, akasimama mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," msitu uliitika.

Bi Adelina alikuwa mtu mzima, aliyezoea kuamkiwa, lakini kwa sauti ile alitambua kwamba huyu ni mkubwa wake.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba."

Alivua kandambili nje, kwenye matope, akaingia peku. Felicitas alitoka uani, akampokea mzigo, akamwamkia. Albano naye akamwamkia.

"Huyo aliyenikaribisha," mama aliuliza, "ndiye mwenye nyumba?"

Felicitas alimtazama Albano. Albano alitazama sakafu.

"Ndiye, mama."

"Mliniambia mmeacha kupanga."

"Tuliacha."

"Anawadai kodi?"

"Hajawahi kudai. Hajawahi kudai kitu chochote."

Mama alitazama kuta, moja baada ya nyingine, kisha akakaa kwenye ukingo wa kochi na mikono mapajani, namna mtu anavyokaa kwa watu.

"Basi mmemwonea," alisema.

Huko juu kilimani tingatinga lilikuwa likiwashwa, likizimika, likiwashwa tena. Felicitas alikwenda kubandika maji ya chai.