Maji ya Pipa

Kila asubuhi ya majira ya baridi Tsvetana alishuka hadi chumba cha chini cha jengo lao, akafungua bomba dogo la pipa la kabichi zilizolowekwa zichachuke, akajaza kikombe cha nusu lita na kumpandishia mumewe. Valko aliyanywa maji yale machachu kwa mkupuo mmoja, akafuta masharubu. Baba yake alikunywa hivyo, na babu yake pia. Ni dawa: yanasafisha damu, yanashusha sukari, yanakata mafuta.

Na Valko alikuwa na vya kusafishwa. Kitambi kilimtangulia mlangoni, presha ilikuwa juu, kisukari kilikuwa na miaka kumi na miwili mwilini. Mwezi Oktoba daktari akaongeza la nne: moyo umechoka kusukuma damu. Akampa vidonge vya kukojoza, akamwambia ajipime uzito kila siku na aache chumvi. Tsvetana akaficha kibakuli cha chumvi juu ya kabati, akawatambia majirani kwamba nyumbani kwake hakuna anayeionja.

Lakini wiki hii mizani ilionyesha kilo tano zaidi.

"Mizani imelewa," alisema Valko. Alikuwa kitini, alikolala pia, maana akilala chali pumzi ilikatika.

Tsvetana akamwita Denka, muuguzi aliyeishi ghorofa ya nne. Denka akabonyeza muundi wa Valko uliovimba kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

"Baba, unakula nini siku hizi?"

"Majani, mwanangu. Huyu kanigeuza mbuzi."

"Na chumvi?"

"Muulize polisi wangu huyo."

"Haigusi," alisema Tsvetana. "Asubuhi ni chai bila sukari na maji yake ya kabichi, basi."

Denka akainua kichwa. "Maji ya pipa? Mlipoloweka mlitia chumvi kiasi gani, mama?"

"Kilo mbili," alisema Tsvetana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeikoroga. Chumvi, kwake, ilikuwa ile ya kwenye kibakuli. Hii ilikuwa kabichi.

"Chumvi huzuia maji mwilini, na sasa yamefika mapafuni. Aende hospitali leo hii." Denka akatoka kupiga simu ya gari la wagonjwa.

"Siendi popote," alisema Valko, kila maneno matatu akivuta pumzi. "Kwani baba yangu alikuwa mjinga?"

"Baba yako alipasua mawe kutwa, tumbo limeshikana na mgongo. Wewe una tumbo la watu watatu."

"Kesho niletee kikombe changu. Tumemaliza."

Tsvetana akatoka. Alishuka ngazi, akafungua bomba la pipa mpaka mwisho. Maji yakamwagika sakafuni, yakalowesha viatu vyake, yakaingia kwenye tundu la maji machafu. Harufu ikajaa ngazi zote. Alisimama pale mpaka bomba likaanza kukoroma. Kisha akapanda.

"Umemwaga," alisema Valko.

"Yote."

"Una wazimu, mwanamke."

"Nilikuwa nakuletea mimi, Valko. Kwa mikono hii, kila siku, nikikuhimiza umalize. Ukifia kwenye kiti hicho, wewe utapumzika. Mimi nitabaki na kile kikombe."

Valko alishika mikono ya kiti. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu nyeusi.

"Lete viatu," alisema hatimaye.

Tsvetana alipiga magoti, akalegeza kamba zote, akasukuma. Mguu haukuingia. Akajaribu wa pili. Akamvalisha soksi nene za sufu na malapa ya bafuni, bila kumtazama usoni.

"Watu wa machela wanakuja," alisema.

"Sibebwi kama gunia. Nipe bega."

Valko akasimama. Akapiga hatua moja, ya pili, kisha akasimama tena, mkono wake mzito shingoni mwa mkewe, akitafuta pumzi. Bado mlango ulikuwa mbali, na Tsvetana hakuthubutu kumharakisha.